Kabla ya Kuivunja Nyumba ya Wazee



Mwaka huu watoto wa marehemu kaka yangu walinitandazia hapa Maskati ramani ya nyumba wanayotaka kuijenga Unguja, mahali pa nyumba ya babu yao. Kuta nyembamba za matofali ya saruji, madirisha makubwa ya vioo yanayotazama magharibi, na kiyoyozi kila chumba. Niliwauliza swali moja tu: umeme ukikatika, mtalala wapi? Wamesahau kwamba Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Ualimu hauishi kwa kustaafu, basi niwape somo dogo.

Mjini Harare, mwaka 1996, lilifunguliwa jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate. Mchoraji wake, Mick Pearce, aliiga vichuguu vya mchwa. Jengo lile halina mitambo ya kawaida ya kupoza hewa. Usiku feni huvuta hewa ya baridi na kuipitisha katika sakafu nene za zege, nazo zikapoa. Mchana sakafu hizo huipoza hewa inayoingia vyumbani, na hewa ya moto hupanda ikatokea juu kwenye madohani.

Mwaka 2008 wataalamu Scott Turner na Rupert Soar walieleza kwamba kichuguu hakifanyi kazi kama dohani. Hupumua kwa nguvu ya upepo, mfano wa mapafu. Hata hivyo jengo linafaa, kwa kuwa Harare iko nyanda za juu na usiku wake ni wa baridi. Lilete Maskati mwezi wa Juni, ambapo usiku joto hupita nyuzi 30, litashindwa. Basi mchwa hatufundishi umbo la nyumba. Anatufundisha kujenga kulingana na hewa ya mahali.

Wazee wetu walilijua hilo. Unguja walijenga kwa mawe na chokaa, kuta nene, dari za boriti za mikoko. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, na upepo ulipita dirisha hadi dirisha. Hapa Omani, watu wa pwani ya Batina walihamia wakati wa joto katika nyumba za makuti ya mtende yapitishayo upepo.

Sisemi nyumba za kale hazina kasoro. Boriti huliwa na mchwa huyo huyo ninayemsifu, na chokaa hutaka kupakwa upya kila mara. Lakini boriti mbovu hubadilishwa; nyumba haivunjwi kwa ajili yake.

Rai yangu ni hii: kwanza aitwe fundi ajuaye chokaa, aikague. Ikiwa lazima kujenga upya, basi kuta ziwe nene, madirisha yatazamane, magharibi pawe na kivuli, na baraza isikosekane. Gharama ya nyumba haiishi siku ya kukabidhiwa ufunguo. Huja kila mwezi pamoja na bili ya umeme.

Wanangu, kura yangu katika mkutano wa ukoo mmeshaijua.

Wenu, mwalimu mstaafu.