Maji ya Jiji, Ardhi ya Kijiji

Mkazi wa jiji afunguapo bomba asubuhi, ni nadra aulize maji yale yamepita katika mashamba ya nani. Huko New York, Marekani, swali hilo lilizusha ugomvi wa miaka mingi.

Sehemu kubwa ya maji ya jiji hilo hutoka upande wa milima ya Catskill, nayo hunywewa bila ya kuchujwa mtamboni. Vijiji kadhaa vilihamishwa kupisha bwawa la Ashokan, lililokamilika mwaka 1915. Kwa hiyo, jiji lilipotoa mwaka 1990 rasimu ya masharti makali juu ya matumizi ya ardhi huko, wenyeji waliona wanaporwa mara ya pili. Wakaungana kupinga.

Ndipo Serikali ya Jimbo ilipoingia kati. Kwa maoni yetu ilichelewa. Gavana George Pataki aliwapatanisha, na mkataba ukatiwa saini Januari 1997. Jiji likakubali kununua ardhi kwa hiari ya mwenyewe tu, na kugharimia matengenezo ya makaro ya vijijini na uhifadhi wa samadi mashambani. Hivyo likaepuka mtambo wa mabilioni ya dola.

Tangu mwaka 2007 Idara ya Afya ya Jimbo ndiyo isimamiayo kibali cha kutochuja. Mvua kubwa zikinyesha, udongo wa mfinyanzi huyatibua maji ya Ashokan. Kibali kikifutwa, gharama ya mtambo itaingia katika ankara za maji na kodi za nyumba za wafanyakazi wa jijini.