Ankara inayojibadilisha tarehe ni hasara kwa mwenye duka

Mfanyabiashara anayedai fedha zake hutegemea mambo matatu kwenye karatasi: nani anadaiwa, kiasi gani na tangu lini. Hilo la tatu ndilo linaloachiwa kompyuta bila mtu kujiuliza, na ndilo linaloweza kumwangusha siku deni linapofikishwa mbele ya hakimu.

Programu za kuandalia barua na ankara, Microsoft Word ikiwa miongoni mwa zilizoenea sana maofisini, zina vigeu vilivyojengwa ndani yake. Karani hutengeneza kiolezo mara moja, huacha nafasi za tarehe, namba ya ukurasa au jina la mwandishi, na mashine hujaza yenyewe kila ankara mpya inapoandaliwa. Kwa duka la jumla huo ni msaada mkubwa, na hakuna sababu ya kurudi kwenye karatasi ya kaboni.

Tatizo ni kwamba vigeu hivyo havina tabia moja. Katika Word, kigeu kiitwacho DATE si tarehe ya ankara. Ni tarehe ya leo, iwe leo hiyo ni lini. Ankara iliyoandikwa Machi 3 ikifunguliwa Juni 10 na kuchapwa upya ili mdaiwa akumbushwe, itatoka na tarehe ya Juni 10. Mdaiwa mjanja hahitaji wakili. Ataweka karatasi mbili mezani, moja ya Machi na nyingine ya Juni, zenye namba moja, na kuuliza ipi ni ya kweli.

Kwenye Excel mambo ni mabaya zaidi. Wapo wanaoandika siku ya mwisho ya kulipa kwa kuchukua TODAY na kuongeza 30. Deni la Machi 3 lilipaswa kulipwa Aprili 2, lakini kwenye faili la namna hiyo siku ya kulipa haifiki kamwe: kila asubuhi inasogea mbele siku moja. Mwenye duka anayekagua madeni yake kwenye kioo ataona kila mteja bado yumo ndani ya muda.

Viwango vya kodi navyo vina mtego huo huo. Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1, 2020, kisha ikairudisha 16 Januari 1, 2021. Tanzania ilianza VAT mwaka 1998 kwa asilimia 20 na kuishusha hadi 18 mwaka 2009. Tuseme duka la Nairobi liliuza mzigo wa shilingi 200,000 mwezi Agosti 2020. Mteja alitozwa 228,000. Ikiwa ankara zote zinasoma kiwango kutoka kisanduku kimoja, na kisanduku hicho kikabadilishwa Januari, basi ankara ile ya Agosti ikifunguliwa tena itasomeka 232,000. Hakuna aliyeiba, lakini mkaguzi wa kodi ataona shilingi 4,000 zisizo na maelezo, na hizo ni za ankara moja tu.

Wenye hisa chache nao wasijione wako pembeni. Jedwali la bei za hisa lenye tarehe inayojijaza juu yake linaweza kuonyesha leo, huku bei zenyewe zikiwa za wiki iliyopita kwa sababu hakuna aliyeziingiza upya. Anayeuza kwa kutazama jedwali hilo anauza gizani. Kabla ya kutoa agizo, ni haki yake kumuuliza dalali bei hizo zilifungwa siku gani.

Si kila kigeu ni adui. Namba ya ukurasa pamoja na jumla ya kurasa, kama “2 kati ya 5”, iachiwe mashine. Inamzuia mtu kuchomoa karatasi moja katikati ya mkataba bila kujulikana. Jina la mwandishi lichunguzwe, hasa kwenye kompyuta ya mtumba, maana barua ya madai inaweza kutoka na jina la mwenye mashine wa zamani.

Dawa ya tarehe haina gharama. Kwenye Word kuna CREATEDATE, inayoshika siku waraka ulipoundwa, na anayeona tabu ateue tarehe na kubonyeza Ctrl, Shift na F9 pamoja ili igeuke maandishi ya kawaida. Kwenye Excel, Ctrl na nukta-mkato huweka tarehe isiyosogea. Kiwango cha kodi kiandikwe ndani ya kila ankara, si kwenye kisanduku cha pamoja. Nakala ihifadhiwe kama PDF siku ile ile inapotolewa, na namba yake iingizwe daftarini kabla mzigo haujapakiwa.