Msumari si kiungo

Vijana wa Malindi na Kilifi, tuambiane ukweli. Kitanda cha misumari na gundi si cha kisasa, ni cha haraka tu. Upepo wetu wa bahari una chumvi. Msumari unashika kutu, tundu linapanuka, na kitanda kinaanza kulia usiku mpaka jirani anajua umegeuka.

Sasa angalia kile kitanda cha kamba mnachokiita cha kishamba. Fundi anatoboa tendegu kwa patasi, anachonga ncha ya mfumbati iwe ulimi, anaugonga uingie ukibana. Kamba ikivutwa, mifumbati inazidi kusukumwa ndani ya matendegu. Ukilala, uzito wako ndio unaokaza viungo. Msumari hata mmoja hakuna!

Na msiniambie ati mafundi wamesahau. Wanajua sana. Ni sisi tunaotaka kitanda kesho, kwa bei ya mkeka.

Ukienda kuagiza, usianze na rangi. Uliza: "Fundi, unatia ulimi ama unapigilia?" Akisema ulimi, mpe siku zake na umlipe kazi yake. Ukimbania, mwanawe hatashika patasi. Ataendesha boda, na wewe utanunua kitanda kingine mwakani.