Stata Ikigoma, Usikimbilie Kununua Nyingine

Leo katika ukumbi huu tutakizungumzia kifaa ambacho wenye magari wengi hukisahau kabisa hadi siku kinapogoma. Kifaa hicho ni stata.

Unaingia garini asubuhi. Watoto wamekwisha kuketi nyuma na mikoba yao ya shule. Unazungusha ufunguo, na kinachosikika ni "tik" moja tu, kisha kimya. Unajaribu tena. "Tik." Jirani anachungulia dirishani, na mtoto mdogo anauliza kama leo mtapanda matatu.

Fundi anaitwa. Anasikiliza mara moja, anatikisa kichwa na kutoa hukumu papo hapo: "Stata imekufa, mzee. Nunua nyingine."

Huenda asema kweli. Lakini huenda pia asema hivyo kwa sababu ni rahisi kumtwika lawama aliyejificha. Stata ni kifaa ambacho mwenye gari hakioni, na akiinama kukitafuta hakioni vilevile. Kazi ifanyikayo mahali pa giza ndiyo inayohitaji macho zaidi, maana hapo ndipo pesa za karo zinapoteketea bila sababu.

Kwanza tuelewe kwa nini kifaa hiki hufichwa. Kazi ya stata ni kuizungusha injini hadi ianze kujiendesha yenyewe. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, kwa chuma cha kuzungushia kilichotiwa mbele ya gari. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na tangu hapo dereva akaweza kuketi kitini na kuwasha. Ili kuizungusha injini, kigurudumu kidogo chenye meno kilicho kwenye stata lazima kiyashike meno ya flaiwili, lile gurudumu kubwa lililo baina ya injini na gia boksi. Basi stata haina hiari. Lazima ikae hapo katikati, na wahandisi huzungushia vitu vingine juu yake. Katika gari aina ya Lexus LS400, lililotoka mwaka 1989, stata imelazwa juu ya injini, katikati ya safu mbili za silinda, chini ya mabomba ya kuingizia hewa. Kuifikia ni sharti ufungue karibu sehemu yote ya juu ya injini.

Hebu tuchukue mfano wa gari ambalo wengi wetu tunalijua: Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Gari hili lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962, na la mwisho kabisa liliundwa nchini Mexico mwaka 2003. Bado utayaona mengine mitaani, ama kwa mzee aliyelitunza, ama kwa kijana aliyerithi la babu yake. Injini yake iko nyuma. Stata iko upande wa kulia, imebanwa kwenye gia boksi, nayo hufikiwa kwa kuingia chini karibu na gurudumu la nyuma la kulia. Hushikwa na bolti ya juu na nati ya chini. Ya chini huonekana. Ya juu ndiyo yenye vituko, maana nati yake iko upande wa injini, nyuma ya bati la feni, na fundi huitafuta kwa kupapasa kama mtu atafutaye sarafu ndani ya mtungi.

Kabla ya kufika huko, sharti tupime. Mlio wa gari ni kama kikohozi cha mtoto. Ukisikiliza vyema utajua pa kuanzia. Ukisikia "tik-tik-tik-tik" ya haraka na taa zikififia, lishuku betri au vichwa vyake vilivyoota unga mweupe. Ukisikia "tik" moja nzito huku taa zikiwaka vizuri, tatizo laweza kuwa solenoidi, ile silinda ndogo iliyo mgongoni mwa stata, au waya. Ukisikia stata ikilia "wiiii" bila injini kuzunguka, basi kile kigurudumu chenye meno hakishiki.

Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma kama volti 12.6. Unapozungusha ufunguo isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikishuka zaidi, tibu betri kwanza. Ikiwa betri ni nzima, mwambie fundi aweke waya mmoja wa mita yake kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye mwili wa stata, kisha wewe uzungushe ufunguo. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unakosa njia nzuri ya kurudi. Katika Volkswagen hii, injini na gia boksi hukaa juu ya mipira, kwa hiyo umeme hurudi kupitia mkanda wa nyaya unaounganisha gia boksi na bodi. Mkanda huo ukishika kutu au kukatika, stata mpya kabisa itakataa vilevile.

Kuna ugonjwa mwingine ambao gari hili linajulikana nao. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, stata iko nyuma, lakini ufunguo uko mbele. Umeme wa kuamrisha solenoidi lazima usafiri hadi mbele kwa dereva kisha urudi nyuma. Enyi wanafunzi, hapa ndipo fizikia ya darasani inapopata kazi. Tuseme njia hiyo yote, pamoja na viungo vyake vya miaka mingi, ina ukinzani wa omu 0.1, na solenoidi inavuta ampea 30. Zidisha: volti 3 zimepotea njiani. Katika 12 zimebaki 9, na solenoidi inashtuka tu bila kuvuta. Gari likiwa baridi linawaka, likipata joto linagoma. Mwenye gari anauziwa stata, naye akifika nyumbani mambo ni yale yale.

Dawa yake ni relei, kile kisanduku kidogo kama kiberiti kiuzwacho katika maduka ya spea. Hufungwa karibu na stata. Mguu nambari 30 hupokea umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 hupeleka kwenye solenoidi, 86 hupokea ule waya mwembamba wa ufunguo, na 85 huungwa kwenye bodi. Sasa waya wa ufunguo hauna mzigo. Unatoa amri tu.

Ikiwa vipimo vyote vimepita na stata bado imelala, basi kweli imechoka, na sasa kazi yaanza. Hata kama hutaifanya mwenyewe, yafaa ujue hatua zake ili usimame karibu ukielewa kinachotendeka.

Hatua ya kwanza ni kufungua waya hasi wa betri. Kebo nene iliyo kwenye stata haipiti kwenye ufunguo wala fyuzi. Ina umeme usiku na mchana. Spana ikiigusa pamoja na bodi, cheche zitakazoruka zaweza kuunguza mkono au kuwasha moto. Na ukishafungua kiti cha nyuma, tazama kama betri ina kifuniko. Springi za kiti zikigusa vichwa vya betri, gari laweza kuungua na watoto wamekalia kiti hicho hicho.

Hatua ya pili nawaomba muisome mara mbili. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Wala usilisimamishe juu ya mawe au matofali, maana tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Tumia vile vigoda vya chuma vya gereji, zuia magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao, na ulisukume gari kidogo kabla mtu hajaingia chini. Vijana wengi wanaojifunza ufundi hutumwa chini ya gari kwa sababu miili yao ni midogo. Mzazi mwenzangu, kijana huyo ni mtoto wa mtu. Ikiwa gari lako limesimama juu ya jeki peke yake, lisimamishe kwanza inavyotakiwa, hata kama kazi itachelewa hadi kesho.

Kisha gurudumu la nyuma la kulia hutolewa, nyaya za stata hufunguliwa na kutiwa alama, na nati ya chini hufunguliwa kwa spana nambari 17. Kwa ile ya juu wanahitajika watu wawili: mmoja chini akishika kichwa cha bolti, mwingine nyuma akifungua nati kwa kupapasa. Magari ya miaka ya baadaye yana bolti yenye kichwa kilichokatwa upande mmoja, kinachojizuia kuzunguka, na hapo mtu mmoja atosha. Bolti hiyo ya juu ni mojawapo ya nne zinazoshikilia injini, lakini usihofu. Tatu zilizobaki zitaishikilia. Stata huvutwa kuelekea mbele ya gari. Ni chuma kizito, kwa hiyo uso usiwe chini yake.

Hapa mafundi wengi huruka jambo muhimu. Ncha ya mhimili wa stata huzunguka ndani ya bushi ndogo ya shaba iliyomo kwenye gia boksi. Bushi hiyo ikilika, mhimili hulegea, na sehemu izungukayo hukwaruza zile zisizozunguka. Ukifunga stata mpya kwenye bushi kuukuu, umevaa kiatu kipya juu ya soksi yenye mwiba. Nunua bushi pamoja na stata, nayo ilowekwe katika oili ya injini kabla ya kutiwa.

Jambo jingine ni kulinganisha. Magari ya zamani zaidi yalikuwa ya volti 6 na flaiwili yake ina meno 109. Ya volti 12 ina meno 130. Usinunue kwa kukisia. Peleka stata yako ya zamani hadi dukani, uiweke kando ya mpya, mtazame meno, urefu na mashimo. Wakati wa kurudisha, bolti zikazwe kwa nyutoni mita 30 tu, gia iwe huru, na waya wa betri ufungwe mwisho kabisa.

Tumalizie na suala la pesa. Kwa kifaa kilichojificha, kibarua chaweza kupita bei ya spea yenyewe, kwa hiyo mpatane kabla ya boneti kufunguliwa. Uliza kama stata yako yaweza kutengenezwa, maana mara nyingi kilicholika ni brashi za kaboni au solenoidi peke yake. Na ukilipia mpya, dai ya zamani uende nayo nyumbani. Fundi mwaminifu atakupa bila kinyongo, tena atakuonyesha palipoungua. Wewe mama usikubali kuambiwa kwamba mambo ya gari hayakuhusu. Pesa ni zako na watoto ni wako, na swali "umepima nini?" halihitaji kujua kushika spana.

Akijibu kwa vipimo, mwachie kazi. Akijibu kwa hasira, tafuta mwingine.