Namba ndogo kwenye chupa ya dawa ya mtoto: isome kabla hujalipa

Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kukuta diethilini glaikoli, kemikali inayoharibu figo, kwenye dawa ya kikohozi ya watoto ya Benylin iliyotengenezwa Afrika Kusini. Kenya, Rwanda, Tanzania na nchi nyingine zikaanza kuiondoa sokoni. Kampuni ya Kenvue, yenye dawa hiyo, ilisema vipimo vyake havikuonyesha sumu hiyo. Lakini wazazi hawakuwa na sababu ya kubahatisha, kwani mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70 walikufa, na vifo vyao vikahusishwa na dawa za maji zenye kemikali ya aina hiyo.

Kama wakati huo ulikuwa Newala au Masasi na chupa ya dawa hiyo iko kabatini, ungejuaje kuwa yako imo au haimo? Kwa tarakimu sita tu. Tangazo la Nigeria lilitaja toleo namba 329304. Tarakimu hizo zikifutika, tangazo la redio halikusaidii kitu.

Namba ya toleo hutanguliwa na maneno kama BN, Batch au Lot, na EXP ni mwisho wa muda wa matumizi. Kwenye chupa, viwanda vingi huchapa maandishi haya kwa mashine inayorusha matone madogo ya wino bila kuigusa chupa. Ni ya haraka, na wino hukauka mara moja. Udhaifu wake ni kwamba wino usiochaguliwa vizuri hufutika kwa jasho, mafuta au spiriti. Mwanya huo ndio anaoutumia mfanyabiashara asiye mwaminifu: anafuta tarehe iliyopita na kugonga mpya. Alama ya leza, au ile inayogandamizwa kwenye karatasi ya vidonge, ni ngumu zaidi kuchezewa.

Kwa hiyo kiwanda kinapochagua mashine, bei ya wino isiwe kigezo pekee. Kijiulize kama maandishi yatasomeka baada ya safari ndefu, joto la stoo na miezi kadhaa kwenye rafu ya duka la dawa muhimu kijijini. Swali hilo linawahusu pia wanaofungasha unga wa lishe, karanga na korosho hapa kwetu. Tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino kwenye nailoni haidumu.

Tatizo jingine liko dukani. Ukinunua vidonge vinne, muuzaji anakata karatasi kwa mkasi, na mara nyingi kipande chenye namba kinabaki kwake au kinakwenda kwa mteja mwingine. Vidonge vya kopo vinatiwa kwenye bahasha isiyo na chochote zaidi ya "1x3". Hapo hata kiwanda kikiwa na mashine bora kuliko zote, wewe umebaki gizani.

Fanya hivi. Soma namba ya toleo na tarehe kwenye boksi, kisha kwenye chupa, lazima zifanane. Kataa chupa yenye tarehe iliyokwanguliwa, iliyochapwa juu ya nyingine au isiyosomeka. Ukinunua vidonge vichache, mwombe muuzaji aandike kwenye bahasha jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Usitupe boksi mpaka dozi iishe. Ukiwa na shaka, usimpe mtoto dawa hiyo wala usiimwage. Ipeleke kituo cha afya au kwa mfamasia wa wilaya ili taarifa ifike TMDA.

Na kama mtoto ameshainywa, kisha akapunguza mkojo, akatapika au akalegea, usisubiri kesho. Mwahishe hospitali pamoja na chupa yenyewe, kwa sababu namba iliyo juu yake inaweza kuwaokoa na watoto wengine.