Kisulisuli Kile Hakikupimwa

Walimu wenzangu,

Katika kitabu kimoja cha ufahamu tunachokisomesha madarasani mwetu kimo kifungu juu ya kisulisuli kikuu kilichoyapitia majimbo ya Missouri, Illinois na Indiana, huko Marekani, tarehe 18 Machi 1925. Mwandishi asema kwamba kisulisuli hicho "kilipimwa" kikaonekana ni cha daraja la tano, na kwamba kasi yake ilizidi kilomita 419 kwa saa. Mwaka hata mwaka wanafunzi huyanakili maneno hayo katika majibu yao, nasi twayatia alama ya vema. Mimi nasema twaitia penye kosa.

(Neno kisulisuli nalitumia makusudi. Kimbunga nawaachia wale wa baharini, kama Idai kilichoipiga Msumbiji mwaka 2019. Kuviita vyote viwili jina moja ni fujo nyingine, nayo itakuwa na siku yake.)

Nani alipima, na kwa chombo gani? Kisulisuli kile kilisafiri kilomita zipatazo 352 kwa muda wa saa tatu na nusu, kikaua watu 695. Tetsuya Theodore Fujita, aliyeyabuni madaraja hayo, siku ile alikuwa mtoto wa miaka minne kwao Japani. Madaraja yake, tangu sifuri hadi tano, aliyatoa mwaka 1971 akiwa Chuo Kikuu cha Chicago. Daraja la kisulisuli cha 1925, basi, lilitolewa miongo kadhaa baadaye, na watu waliosoma habari na kutazama picha za magofu. Kazi hiyo ni ya heshima, lakini jina lake ni kukadiria.

Maana daraja halitokani na upepo. Latokana na kilichobomolewa. Mkaguzi huitazama nyumba: paa limeng'oka? Kuta zingali zimesimama? Au imefagiliwa yote, ukabaki msingi mtupu? Ndipo hurudi nyuma akaukisia upepo. Na kisio lenyewe halikukaa mahali pamoja. Mwaka 2007 Wamarekani waliyarekebisha madaraja, kwa kuwa wahandisi walionyesha kwamba nyumba huvunjwa na upepo mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Daraja la tano, lililokuwa likianzia kilomita 419, sasa laanzia juu kidogo ya 322. Magofu ni yale yale; upepo umepunguzwa kwa kalamu!

Kinyume cha hayo kilitokea El Reno, Oklahoma, tarehe 31 Mei 2013. Hapo upepo ulipimwa kweli, kwa rada, ukapita kilomita 450 kwa saa. Upana wa kisulisuli ulifika kilomita 4.2. Watu 8 walikufa, watatu kati yao wakiwa watafiti waliokuwa wakikifuata. Lakini kwa kuwa kilipita zaidi mashambani, hayakuonekana majengo ya kushuhudia nguvu zake, kikashushwa kutoka daraja la tano hadi la tatu.

Mwenzetu mmoja alinijibu kwamba haya ni ya mwalimu wa jiografia, na kwamba nambari haina lugha. La hasha! Kosa limo katika kitenzi, na kitenzi ni chetu.

Tena lina madhara. Tarehe 26 Aprili 1989 kisulisuli kiliangamiza Daulatpur na Saturia, nchini Bangladesh. Wakadiriwa watu 1,300 walikufa, na hakuna kingine kijulikanacho kuua zaidi. Vigezo 28 vya madaraja ya 2007 vilitungwa kwa majengo na miti ya Marekani. Nyumba hafifu ya mwanakijiji huanguka mapema, nayo haiwezi kusema kama upepo ule ungaliangusha na ghorofa. Nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hiyo, binti mmoja aliuliza: ikiwa hakuna nyumba imara iliyovunjwa, je, wale walikufa kwa upepo dhaifu? Swali hilo alilifunzwa na kitabu chetu, nami ndiye niliyemsomesha.

Kabla kitabu kile hakijapigwa chapa tena, nawaomba wahariri wake wakifute "kilipimwa" na kuandika "kilikadiriwa".