Pilipili Iliposhika Mahali pa Chumvi

Wiki hii tuingie jikoni mwa watu wa Guizhou, jimbo la milima kusini-magharibi mwa China. Wenyeji wake husifika kwa kupenda pilipili kali katika kila kitoweo, hata mtu akadhani wamezaliwa na ndimi za namna hiyo. Sivyo. Pilipili asili yake ni Amerika. Katika maandishi ya Kichina ilitajwa mwaka 1591, tena kama mmea wa kupendeza macho.

Guizhou haikuwa na chumvi yake. Ililetwa kutoka jimbo jirani la Sichuan, kwa mashua na migongoni mwa wachukuzi, na bei yake ilimshinda maskini. Mwanzoni mwa karne ya 18 iliandikwa kwamba watu wa huko walitumia pilipili badala ya chumvi, chakula kipate ladha. Hata chumvi ilipopatikana kwa wingi baadaye, pilipili hawakuiacha.

Wahenga walinena: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi, mama wa kambini, mwisho wa mwezi kabla ya mshahara usiionee haya sufuria yako. Huenda kitoweo cha dhiki ya leo kikawa fahari ya wajukuu.